Funga Koki Kwanza

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimebeba zege hadi ghorofa ya nne, na sasa bega la kulia halisemi na la kushoto. Lakini furaha niliyo nayo! Mke wangu amepiga simu kutoka nyumbani. Anakuja Jumamosi! Mwaka mzima nimekuwa nikimtumia sauti tu, sasa ataniona mzima mzima. Nikaruka mpaka kichwa kikagonga kizingiti.

Kisha akauliza, vipi lile bomba la chumbani, bado linatoa vizuri?

Hakuna bomba la chumbani. Lilinitoka mdomoni siku moja nikijisifu, na kila akiuliza naliongezea maji. Ameshaapa kwamba mgongo wake umekwisha kwa ndoo za kule nyumbani. Hawezi kusafiri siku mbili aje kupanga foleni ya maji huku. Akikuta ndoo, anageuka na basi lilelile. Na yule mwanamke akisema anageuka, hugeuka.

Basi bomba litakuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nami nitaikimbia.

Jumanne, 10 Machi

Uani kwetu kuna bomba moja, wapangaji vyumba sita. Foleni yenyewe anaitawala kinyozi wa chumba cha pili, tunamwita Ndoo Saba. Huzipanga ndoo zake alfajiri, kisha anarudi kulala. Ndoo zinasimama kwa niaba yake! Leo nimeisogeza moja kidogo tu. Akatokea na shuka kiunoni, akaniambia ndugu yangu, ndoo zangu zimewahi, heshimu waliokutangulia.

Niliposimama nyuma ya ndoo kama mjinga, macho yakaliona. Bomba jeupe la plastiki. Linatoka getini, linatambaa ukutani, linapita chini ya dirisha langu, linakwenda jikoni kwa mama mwenye nyumba. Kumbe maji yanapita mlangoni kwangu kila siku bila hata hodi! Nitalikata, nitatia tawi, nitaliingiza chumbani. Basi!

Mama mwenye nyumba anakwenda kwa dada yake Alhamisi. Ametuambia wote asiguse mtu kitu chochote. Aliposema mtu, aliniangalia mimi. Sijui kwa nini. Labda ni ule mlango niliowahi kuutengeneza. Au paa.

Jumatano, 11 Machi

Kazini nimemuuliza fundi bomba. Nilijifanya namuulizia rafiki. Akasema huyo rafiki yangu atafute tii moja, gundi, msasa, kipande cha bomba na koki. Kazi ya mtoto. Kisha akashuka kwenye jukwaa, akanishika shati, akasema sikia, mjomba: funga koki kwanza. Asikate bomba kabla hajafunga koki. Akarudia. Nikamwambia rafiki yangu si mpumbavu.

Dukani nikaeleza nataka kile kitu cha kugawa bomba, chenye midomo mitatu. Muuzaji akasema, tii. Nikamwambia natii, mama, lakini nipe kwanza hicho kitu. Watu wakacheka. Kumbe ndilo jina lake! Nimerudi na koki mpya na vifaa vyote, tii nimeiweka mfukoni, naipapasa njia nzima.

Alhamisi, 12 Machi

Mama mwenye nyumba ameondoka! Nilipotoka kazini nikafunga koki kwanza, kama nilivyoagizwa. Mimi maagizo huyafuata. Nikatoboa ukuta kwa tindo, nikaipachika juu ya beseni, nikaikaza skrubu zote, nikaifuta kwa shati langu la kutokea. Inang'aa! Nikaifungua. Haikutoa kitu, lakini inazunguka laini kweli. Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Ndoo Saba akachungulia dirishani, akauliza maji yako wapi. Nikamwambia maji ndiyo hatua ya mwisho, asiyejua kazi hawezi kuelewa. Akasema koki bila maji ni pambo la ukuta. Nikamwambia akanyoe watu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemwambia msimamizi naumwa tumbo. Nikashika msumeno.

Uliingia kwenye bomba kama kisu kwenye ndizi. Kisha, mama yangu! Maji yalinipiga kifuani, yakanipiga usoni, yakapita dirishani, yakalala kitandani pangu kabla ya mke wangu. Nikaikandamiza tii kwenye pengo. Ikaruka ukuta ikaenda kwa jirani. Nikaziba kwa kiganja. Yakatokea pande mbili. Nikaziba kwa kalio. Afadhali nisiandike.

Ndoo Saba akaja mbio na ndoo zote saba. Nikasema kweli, binadamu wana utu. Kumbe anakinga! Akanikumbatia, akaniita baraka ya nyumba, akaniomba nikate na kesho. Vyumba vyote vikatoka. Mama wa chumba cha tatu akatandika zulia lake chini ya mkondo akaanza kulifua. Hakuna foleni! Mara ya kwanza uani kwetu hakuna foleni! Nami nilikuwa nacheka, sijui kwa nini, nimekaa juu ya bomba nacheka.

Geti likafunguka. Mama mwenye nyumba. Nyuma yake, na mzigo kichwani, mke wangu! Kapata basi la jana, wakakutana kituoni, akaelekezwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Hakunisalimu. Aliuliza chumba chetu ni kipi. Wakamwonyesha mlango ambamo kandambili zangu zilikuwa zinatoka zenyewe. Akachungulia. Godoro linaelea. Ukutani koki inang'aa, kitu pekee kikavu mle ndani. Kisha akasema, "Kumbe hukudanganya, baba. Maji yamo ndani."

Mama mwenye nyumba akaenda getini, akainua kifuniko cha chuma, akazungusha kitu. Maji yakakata. Nani alijua pale pana kitu!

Jioni fundi bomba akaitwa. Akafoka mbele ya watu kwamba aliniambia nifunge koki. Nikamwonyesha ukutani: nimefunga, ile pale, na skrubu zote. Akatazama koki. Akanitazama mimi. Akakaa juu ya ndoo. "Nilisema ufunge," akalia akielekeza kidole getini, kisha ukutani, "siyo ufunge!" Akacheka mpaka akaanguka na ndoo.

Jumamosi, 14 Machi

Fundi amevifungua vibano vinavyolishika bomba ukutani lipate kulegea, akapiga msasa, akapaka gundi, akaingiza tii mpya, akaishikilia. Ameagiza maji yasifunguliwe hadi kesho, gundi ikauke. Kwa hiyo nyumba nzima inaishi kwa maji ya Ndoo Saba. Anagawa kwa kikombe, amevaa miwani. Nimelazimika kumwita mheshimiwa.

Hukumu ya mama mwenye nyumba: tii ibaki, lakini mdomo wake uangalie uani, liwe bomba la pili la wote. Koki yangu imeng'olewa ukutani. Niligeuza uso.

Mke wangu hajafungua mzigo. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama anageuka. Akasema mtu aliyekata nyumba ya watu kwa ajili yake hawezi kuachwa bila mlinzi. Akafungua mzigo!

Jumapili, 15 Machi

Bomba jipya liko chini ya dirisha letu kabisa. Alfajiri Ndoo Saba kapanga ndoo zake. Mke wangu akanyoosha mkono nje ya dirisha, akajaza jagi, akavuta ndani. Hakuinuka hata kitandani! Ndoo Saba akapiga kelele kwamba mkono haumo kwenye foleni. Akajibiwa taratibu, "Shemeji, mkono wangu umewahi."

Nampenda mwanamke huyu.

Jumatatu, 16 Machi

Mke wangu ameniuliza nimejifunza nini. Nimemjibu: kumuuliza fundi kabla ya kushika kitu. Amefurahi sana.

Sasa, pale bombani alfajiri ni giza, na mkono wake unapapasa. Panahitaji taa. Waya wa mama mwenye nyumba unapita juu ya dirisha letu bila hata hodi. Naye Jumatano anarudi kwa dada yake.

Safari hii sikukurupuka. Nimemfuata fundi umeme kazini, nikamuuliza vizuri. Akasema ni rahisi, ila nisiguse waya kabla sijafunga swichi. Nikamwomba arudie. Akarudia: funga swichi kwanza.

Kesho naenda kununua swichi.