Cheri Katika Jicho la Diwani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Lynn ameondoka asubuhi kwenda Murang'a. Semina ya walimu, siku kumi na mbili. Ameniachia vitu vitatu: Diwani, gunia dogo la chakula chake, na daftari hili. Daftari lina maagizo ya kumtunza Diwani, mwandiko wa mwalimu, mistari imepigwa kwa kalamu nyekundu. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Maji safi. Asikae juani. Asipande ngazi. Jamani! Mimi nimekulia na mbwa wanne uani, nitafundishwa nini? Nimegeuza daftari nikaanza kuandika mambo yangu kutoka nyuma. Karatasi nzuri hivi isiende bure.

Diwani ni buldogi wa miezi minne. Uso umekunjamana kama wa diwani aliyeshindwa uchaguzi, ndipo jina lilipotoka. Anakoroma hata akiwa macho. Lynn anampenda kuliko anavyonipenda mimi, na siandiki hivyo kwa uchungu.

Makubaliano ni haya. Nikimtunza vizuri hadi arudi, Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu atanipeleka Kangema nionwe na baba yake. Miaka mitatu nimengoja hilo neno! Niko na miaka thelathini na mbili, niko na studio ya picha mjini Nyeri, niko na suti. Imebaki Kangema tu.

Mama naye yuko Nanyuki kwa dada yangu aliyejifungua. Boma lote ni letu: mimi, Diwani, na ng'ombe mzee wa Mama ambaye hutoa vikombe vitatu vya maziwa kwa siku, tena kwa huruma.

Hakuna kitu kinaweza kuharibika.

Jumatano, 6 Agosti

Kuna kitu kimeharibika.

Jana jioni nilikuwa namfundisha Diwani ukali. Sababu ni Munene, jirani yetu. Ana mbwa mkubwa anayeitwa Komando, na kila akimwona Diwani huuliza ati huyo ni mbwa ama ni chura. Tena mwaka jana alimbeba Lynn kwa pikipiki yake mara nne. Basi nikamsimamisha Diwani langoni, nikabweka ili aige. Nilibweka karibu nusu saa. Diwani alikaa kitako akinitazama kwa huruma. Aliyejibu ni Komando. Majirani walifungua madirisha.

Leo asubuhi, jicho la kulia la Diwani limetoa kinyama chekundu kwenye kona ya karibu na pua. Kimevimba na kinang'aa. Ngai! Nimekaa chini sakafuni. Nimemlazimisha mtoto wa watu mpaka jicho likapasuka. Ni kweli yeye hakubweka, ni mimi niliyebweka. Lakini alijaribu moyoni, nilimwona.

Lynn asijue. Akijua, Kangema imekufa. Nitamponya mwenyewe kabla hajarudi.

Alhamisi, 7 Agosti

Tiba ya kwanza: maji ya majani ya chai, vuguvugu, kwa kitambaa safi. Diwani amekula kitambaa.

Mchana Lynn ameomba picha. Si mimi ni mpiga picha? Nikampiga upande wa kushoto, kazi safi. Lynn akasema na ule mwingine pia. Nikakimbia studio, nikalikata jicho zuri kwa kompyuta, nikalibandika juu ya lile baya. Nilisahau kuligeuza. Lynn ameuliza kwa nini Diwani anatazama sikio lake mwenyewe. Nimesema ameona nzi.

Jioni akapiga simu ya video, bila onyo! Nikanyakua miwani ya jua ya studio, ile watu huvaa wakipigwa picha za kujigamba, nikamvalisha Diwani. Lynn alicheka mpaka akaita wenzake waje waone. Mpango umefaulu kupita kiasi. Sasa ukumbi mzima wa walimu Murang'a unataka kumwona Diwani na miwani kila jioni.

Jumatatu, 11 Agosti

Kinyama kimekua. Diwani anajikuna kwa mguu na jicho linatoka tongotongo. Jana kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Halafu nikapata wazo! Chama cha maziwa. Mwanachama akiwa na ng'ombe mgonjwa, daktari wa chama huja hadi nyumbani. Namba ya Mama naijua tangu utotoni. Imepakwa rangi nyeupe kwenye ule mkebe niliokuwa nabeba kila asubuhi kabla ya shule: 417. Nikapiga. Nikasema 417, ugonjwa ni wa jicho. Msichana wa simu akauliza ni ng'ombe ama ni ndama. Nikamtazama Diwani. Ana miguu minne. Ni mdogo. Nikasema ndama.

Daktari Beth alifika saa tano, gambuti miguuni, kamba ya kufungia ndama mkononi, akaenda moja kwa moja zizini. Nikamwambia mgonjwa yuko ndani, kwenye kochi. Akanitazama. Nikamwambia ni ndama mdogo sana.

Nilijua ataondoka pale pale. Hakuondoka. Ni mama wa makamo asiyetabasamu ovyo. Alipiga magoti mbele ya kochi na gambuti zake, akamshika Diwani kidevu polepole, akamulika na tochi. Akasema hiyo ni cheri. Nikauliza cheri gani, ile ya kahawa tunapeleka kiwandani? Akasema basi ndivyo inavyoitwa, na nikiangalia vizuri nitaona ni kahawa iliyoiva kabisa. Kumbe ni kweli! Nyekundu, mviringo, imebaki kuchumwa tu.

Lakini haichumwi. Hapo alinikazia macho. Mbwa ana kope la tatu, na ndani yake kuna tezi inayoleta machozi. Kwa buldogi tezi hiyo hulegea ikatoka nje, huzaliwa hivyo, hakuna aliyekosa. Nikamuuliza mara mbili kama hakuna aliyekosa. Nikamuuliza hata kama mtu alibweka. Akauliza mtu gani. Akasema wajinga huikata, halafu jicho linakauka, na mbwa anaweza kuwa kipofu. Dawa ni kuirudisha ndani na kuishona. Nimlete Jumatano kwenye kliniki yake mjini, asubuhi, bila kula. Akaongeza ati jicho la pili pia linaweza kutoka siku moja. Madaktari hupenda kuongeza maneno.

Mlangoni akaniambia chama hushughulikia ndama. Jumatano nitalipa kama mwenye mbwa.

Jioni Mama akapiga kutoka Nanyuki. Wueh! Chama kilimtumia ujumbe: ndama wako amehudumiwa leo. Alikuwa analia kwa furaha. Ng'ombe wake amezaa katika uzee, na hata hakupandishwa! Ameshawaambia akina mama wa kanisa la dada yangu na wamesimama kuomba. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Akauliza ni jike ama ni dume. Nikasema jike.

Jumanne, 12 Agosti

Sikulala vizuri. Daktari Beth hakunificha: buldogi hupumua kwa shida, na dawa ya usingizi ina hatari yake. Kwa hivyo kesho naweza kumpoteza Diwani, na nikimpoteza Diwani nimempoteza Lynn. Nimempa Diwani kochi lote. Mimi nilikaa chini.

Saa nne Munene akachungulia juu ya ua. Aliona jicho, akacheka, akaruka akaja. Yeye ndiye hukata mikia ya mbwa wote wa huku kwetu, kwa hivyo watu humwita daktari na yeye huitika. Akasema hicho ni kinyama tu. Anakata mara moja, dakika mbili, hakuna dawa ya usingizi, na Lynn hatajua maisha yake yote.

Hatajua! Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilimshika Diwani kichwa. Munene akafungua mkasi. Diwani akanilamba kidole gumba, akatulia, akaniamini kabisa, yule mjinga. Nikaona jicho lile limekauka, nikamwona anagonga miguu ya meza akitafuta bakuli lake. Nikasema hapana. Munene akasema mimi ni mwoga. Hata hiyo ni kweli. Nikamwambia arudi kwake, na Komando ana viroboto.

Mchana Mama akatokea langoni bila kusema anakuja. Alikuwa na magadi na unga wa mahindi wa kumkorogea mzazi. Alipita zizini. Nikamsikia akimwuliza ng'ombe mtoto yuko wapi. Ng'ombe hakusema. Akaja kwangu, akasimama mlangoni, akamtazama Diwani kwenye kochi muda mrefu sana.

Akauliza kama huyo ndiye jike.

Jumatano, 13 Agosti

Tumetoka kliniki. Mama alikuja pia, ingawa haongei na mimi. Tulikaa kwenye benchi pamoja na mzee aliyebeba kuku. Kila mlango ulipolia nilisimama. Niliahidi Mungu mambo mengi, mengine sikumbuki.

Halafu nikasikia mkoromo kutoka ndani. Mkubwa, kama trekta inapanda mlima. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nimelia, basi. Mama alinipa leso yake, bado bila kuongea.

Cheri imerudi ndani. Amewekwa kola ya plastiki kama faneli, asijikune. Dawa ya matone mara tatu kwa siku. Lynn anarudi keshokutwa. Nitamwambia kola ni mtindo mpya, imetoka Nairobi.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika kwenye daftari jipya. Nitaeleza.

Lynn alifika saa nane. Aliona kola. Nikaanza habari ya mtindo wa Nairobi, akainua mkono kama anavyonyamazisha darasa. Akaomba daftari. Nilikuwa nimesahau kabisa ni lake! Akafungua ukurasa wa pili akanisomea kwa sauti. Ulisema hivi: buldogi hutokwa na kinyama chekundu jichoni. Usiogope. Si kosa lako. Usikubali mtu akikate. Nipigie saa yoyote, nitakuja tumpeleke kwa daktari.

Ukurasa wa pili! Karatasi moja tu ya kufunua.

Halafu akaona wino kutoka upande ule mwingine. Akaligeuza. Nilijaribu kulichukua, akanigeuzia mgongo, akasoma yote akiwa amesimama. Kwenye kubweka alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye picha ya sikio alitikisa kichwa. Alipofika Jumanne, kwa mkasi, alisoma mara mbili. Alikaa kwenye kochi kando ya Diwani na macho yake yakajaa.

Akasema nimemdanganya siku tisa, tena na miwani. Lakini jicho lipo. Nilikuwa na nafasi ya kuficha kabisa, nikakataa. Kwa hivyo Kangema iko palepale, kwa sharti moja: nisimfiche kitu tena. Kamwe! Nimeapa kwa Biblia ya Mama. Mama alisema amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mimi ni mtu mpya.

Jumamosi, 23 Agosti

Kangema. Naandika nikiwa chooni kwa Mzee Gatimu, baba yake Lynn. Niko na dakika chache.

Siku ilianza vizuri ajabu. Suti imenikaa. Mama aliongea vizuri na wenyeji, hakutaja ndama. Diwani alitolewa kola jana na jicho ni safi kabisa. Mzee Gatimu alimpakata, yeye ambaye Lynn anasema hapakati hata wajukuu. Lynn alisimulia habari ya mkasi. Mzee akasema mbele ya wajomba wote kwamba mtu anayelinda jicho la mbwa anaweza kulinda binti wa mtu. Maneno hayo hayo! Wajomba waliitikia. Lynn alinitazama na nikajua nimefika.

Wakatoka wote kumwonyesha Mama majani chai. Nikabaki sebuleni na Diwani. Akapiga chafya.

Jicho la kushoto. Cheri!

Sijamficha Lynn. Sijamficha hata kidogo, nangoja tu saa nzuri, wajomba wakishaondoka. Lakini Diwani lazima aonwe na daktari haraka, huo ndio upendo wenyewe. Na hapo mlangoni pa jikoni kulikuwa na mkebe wa maziwa wa Mzee, namba imepakwa rangi: 208. Chama cha huku hakinijui. Nilipiga. Nikasema ndama. Wamesema daktari yuko njiani na mwenyewe ataarifiwa.

Mwenyewe ataarifiwa. Hilo nimelikumbuka baada ya kukata simu.

Wamerudi. Nawasikia uani. Simu ya Mzee imelia mfukoni mwake. Anawaambia wajomba kuna ujumbe kutoka chama, nani ameona miwani yake ya kusomea? Lynn anasema aliiona dirishani asubuhi. Haiko dirishani. Ameivaa Diwani. Nilikuwa na sekunde chache tu, jamani, ningefanya nini?

Sasa namsikia Diwani anatoka nje akikoroma. Mama ameanza kucheka. Lynn ameita jina langu, lote, mpaka la baba.

Si neno. Bado kuna nafasi. Wakiuliza, nitasema ni jike.