Naomba Kurudishiwa Moshi Wangu

Kwa Daktari Musau,
Mkuu wa Maabara ya Hewa na Umeme,
Machakos Mjini.

Daktari, pokea salamu za heshima kutoka Kangundo, ambako sote tuko salama isipokuwa kwa wizi.

Mimi ni Mbinya wa Kimeu, mchomaji matofali. Mwezi uliopita vijana wako walifunga bomba juu ya tanuri langu. Walinieleza kwa adabu kwamba ndani ya moshi mna hewa ya kaboni, na wakiipitisha kwenye shaba iliyopakwa plastiki nyembamba, kisha watie umeme, inageuka mafuta. Nikacheka, nikawapa hata chai. Juzi wamerudi na chupa ya mafuta hayo, wakawasha stovu mbele yangu, uji ukachemka, halafu wakaenda na chupa yao. Nimeumia sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Moshi ni wangu. Kuni nilitoa Tala, udongo ni wa shamba langu, na macho yaliyolia ni haya haya.

2. Kwetu Ukambani, ukimpa mtu mbuzi akufugie, maziwa atakunywa, lakini mbuzi akizaa, watoto ni wa mwenyewe. Nyinyi mmenifugia tu. Hayo mafuta ni watoto wa moshi wangu.

3. Vijana wanasema bila shaba na plastiki yao hakuna mafuta. Sawa. Hata beberu wa jirani husaidia, na sijasikia akidai mtoto.

4. Moshi wote uliotoka tangu marehemu baba mkwe ajenge tanuri hili pia ni wetu, popote ulipofika. Kama uko Nairobi, tutaufuata huko huko. Nataka kila tone, la sivyo Jumamosi nang'oa bomba.

Nisalimie mama watoto, na hao vijana pia, maana wana tabia nzuri licha ya kazi yao.

Ni mimi mwenye moshi,
Mbinya wa Kimeu

Tanbihi: Kabla ya kutuma barua nimemsomea jirani yangu Mwelu. Amefurahi sana kujua moshi una mwenyewe, kwa sababu mama yake amekohoa miaka mingi na wao walikuwa wanamlaumu Mungu. Amenikumbusha kwamba mbuzi akila mahindi ya watu, mwenyewe ndiye hulipa. Kesho anakuja na wazee. Daktari, moshi ni wenu, hata ule wa zamani. Na bomba tafadhali msilitoe. Mwelu anasema tangu lifungwe, mama analala.