Mapacha wa Kurugenzi

Kurugenzi ya Maendeleo ya Wahitimu na Familia Zao ina furaha kuutangazia umma kwamba mwaka huu, kama mwaka jana, hakuna mhitimu wa Chuo chetu aliyeshindwa na maisha. Hata mmoja. Vyuo vingine vina wahitimu wanaoshinda vijiweni wakitafuna kucha. Sisi hatunao, kwa sababu mimi, nikiwa Mkurugenzi, niliandika Mwongozo.

Kabla ya Mwongozo, ukurasa wa habari za wahitimu katika jarida letu ulikuwa aibu tupu. Mtu anaandika, "Bado natafuta kazi, niombeeni." Mwingine naye: "Mume kaondoka, lakini nina afya." Hayo ni maendeleo gani? Nilipoingia mimi, anayetafuta kazi akawa mtafiti huru wa soko la ajira. Aliyerudi kulala kwa wazazi wake akawa msimamizi wa mali ya familia. Aliyeachwa akawa amepunguza majukumu ili kuongeza ufanisi.

Niliagiza pia kwamba kila habari iwe na mabawa mawili, kazi na familia, na bawa likikosekana Kurugenzi italijazia kwa busara. Na mhitimu haoneshwi habari yake kabla haijachapishwa. Zamani tulikuwa tunawaonesha, wakawa wanapunguza.

Mambo yalikwenda vizuri hadi asubuhi moja fundi makochi alipoingia ofisini kwangu na vumbi la sponji kwenye nyusi. Tulisoma naye darasa moja, na mitihani mingi niliifanya kwa kalamu zake. Ana shahada ya falsafa. Sisi tulikuwa tumemwandika kama Mtaalamu wa Miundo ya Mapumziko, kwa hiyo nilitegemea walau tabasamu.

"Ndugu yangu, mmeniua," alisema, akaketi bila kukaribishwa na kuanza kubonyeza kochi langu kama daktari anavyobonyeza tumbo.

"Niite Mkurugenzi."

"Haya, Mkurugenzi, mmeniua. Mimi sina mke. Sina mtoto. Nyie mmeandika nina mke mpendwa na mapacha."

"Bawa lako la pili lilikuwa tupu."

"Tupu kwa sababu ndiyo kwanza naoa! Mchumba wangu ni nesi. Shangazi yake kalisoma jarida lenu saluni, chini ya mashine ya kukausha nywele. Katoka mbio na rola kichwani mpaka nyumbani kwao. Harusi imesimama. Mchumba hapokei simu. Futa tu, bwana. Ni mstari mmoja."

Nilimweleza kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Habari iliyochapishwa haifutwi, huendelezwa tu. Kama hamtaki tena mkewe, alete habari ya talaka, yenye sahihi ya mhusika.

"Mhusika gani? Mke hayupo!"

"Kama amekutoroka, hilo lina kifungu chake."

Katibu muhtasi wangu alianza kukohoa, akakohoa sana, akatoka nje kwenda kumalizia huko. Fundi akainamisha kichwa. Aliponiangalia tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Bwana, mimi nimechelewa kumpata huyu mtu. Nilishakata tamaa. Nimeshona kochi la sebuleni kwa mkono wangu, kitambaa kachagua yeye. Sasa litakaliwa na nani?"

Nilipitia kumbukumbu zetu. "Mapacha," nikamwambia.

Kesho yake alirudi na nesi na shangazi. Nesi alibaki mlangoni na sare yake ya kazi, macho mekundu. Shangazi, mwanamke mpana wa mabega na wa sauti, alilaza jarida mezani kwangu na kulipiga kofi.

"Mwanangu, wewe ndiye mkubwa hapa. Nataka neno moja tu. Hawa mapacha wapo au hawapo?"

Msomaji aelewe uzito wa swali hilo. Nikisema hawapo, ataniuliza na yule balozi wa ukurasa wa pili yupo? Na yule mwanasayansi wa vinywaji? Ni uzi mmoja. Ukiuvuta, nguo yote inafumuka na Chuo kinabaki uchi.

"Jarida halina makosa, mama," nikasema.

"Wanasoma wapi?"

"Shule nzuri."

"Wa kike au wa kiume?"

"Mchanganyiko."

Nesi alilia bila sauti. Nilimsogezea boksi la tishu, ingawa ni mali ya Kurugenzi na hutolewa kwa watumishi pekee. Shangazi akamgeukia fundi, akamwangalia toka unyweleni hadi ukuchani. "Mtu mzima hovyo," alisema, akamshika nesi mkono, wakaondoka.

Fundi hakunitukana. Aliuliza, kwa adabu kabisa, "Mkurugenzi, hivi mtu anaweza kuleta habari ya mwenzake?"

"Bila shaka. Wengi huona haya kujisifu. Tuliosoma pamoja tunapaswa kusemeana mema."

"Na mwenyewe haoneshwi?"

"Katu."

"Asante. Umenisaidia sana."

Nilifarijika kuona hatimaye ameuelewa utaratibu.

Toleo lililofuata nililitia sahihi bila kulisoma. Silisomagi, najua yaliyomo ni mazuri. Siku lilipotoka, Mkuu wa Chuo alinidaka kwenye ukumbi wa ngazi na kunikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hongera! Kumbe umestaafu, hata hutuambii!"

Akanisomea kwa sauti: Mkurugenzi wetu mpendwa amestaafu kwa hiari yake ili kuipa familia muda, na amemkaribisha mama mkwe wake aishi naye daima.

Nilikimbia hadi kwa katibu muhtasi. "Kwa nini hukunionesha?"

"Mwongozo, bosi," alijibu bila kuinua macho. "Mhitimu haoneshwi."

Nikarudi kwa Mkuu nikihema. Nilimwambia ifutwe. Akanishika bega. "Maji yakimwagika hayazoleki. Kanuni yako hiyo, na mimi naipenda mno. Halafu nimeshamkabidhi ofisi katibu muhtasi wako. Keki nayo imeagizwa."

Nakiri kwamba niliogopa. Nimeitwa Mkurugenzi kwa muda mrefu kiasi kwamba hata mke wangu huniita hivyo tukiwa tumekasirikiana. Nje ya ile ofisi sikujua ningeitwa nani.

Sherehe ya kuniaga ilifanyika katika ukumbi wa mikutano. Zawadi iliingia ikiwa imebebwa na fundi makochi mwenyewe: kiti cha kujilaza, chenye kishikio pembeni ambacho ukikivuta miguu inainuka. Nyuma yake walikuja nesi na shangazi. Nilisikia baadaye kwamba fundi alikwenda kumpigia magoti shangazi, akamwomba kitu kimoja tu, aje ajionee habari za Kurugenzi zinavyotengenezwa.

Mkuu akaanza kuisoma ile habari tena, kwa madaha, mbele ya wageni. Alipofika kwenye "kwa hiari yake" sikuweza kuvumilia.

"Sijastaafu! Ni uongo!"

"Jarida halina makosa," akasema Mkuu.

"Linayo! Tunabuni! Yule balozi ni mlinzi wa getini ubalozini! Yule mwanasayansi wa vinywaji ana kibanda cha juisi! Tunakaa hapa tunabuni, na kanuni ya kubuni niliandika mimi!"

Shangazi akasimama polepole.

"Na mapacha?"

"Mapacha niliwazaa mimi!" nilipiga kelele. "Pale mezani kwangu, kabla ya chai!"

Shangazi alimgeukia nesi. "Haya mwanangu, umesikia. Baba yao huyu hapa."

Kicheko kilianzia kwa wahudumu, kikapanda hadi meza kuu. Nesi hakucheka. Alivuka ukumbi mpaka kwa fundi, akampangusa vumbi la sponji kwenye nyusi kwa kidole gumba, na yule mwanafalsafa akaanza kulia kama mtoto.

Mkuu alisubiri watu watulie. Kisha akasema kwamba mtu anayetangaza mbele ya wageni kuwa jarida la Chuo linadanganya hawezi kuwa Mkurugenzi wake. "Kwa hiyo umestaafu," alimalizia. "Habari imethibitika."

Tangazo hili basi nimeliandika nikiwa nyumbani. Harusi ilifana, sikualikwa. Kiti ni kizuri, nasikia, maana sijapata nafasi ya kukikalia. Mama mkwe naye husoma jarida letu. Alifika na mabegi yake wiki ileile.

Niliiandikia Kurugenzi kuomba marekebisho. Mkurugenzi mpya, aliyekuwa katibu muhtasi wangu, alinijibu kwa heshima zote kwamba habari haifutwi, huendelezwa tu, ikiwa na sahihi ya mhusika. Nikampelekea mama mkwe karatasi yenye habari ya kuondoka kwake, na kalamu.

Aliisoma yote. Akanirudishia, akavuta kishikio, miguu ikainuka.

"Mwanangu," alisema akifumba macho, "mimi nimekaribishwa daima. Imeandikwa."