Miwani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei
Mama mkwe yuko kwetu, kitandani, anauguza nyonga. Dari limemchosha. Mke wangu katangaza: mama asipochangamka kufikia Jumapili, stoo yangu ya uvumbuzi inageuzwa sebule yake ya televisheni. Nashukuru kwa kupewa muda! Namtengenezea miwani ya kumtoa chumbani akiwa amelala. Simu ndani, lenzi mbili mbele ya macho, mtu anajikuta msituni.

Jumanne, 5 Mei
Lenzi ndogo. Kifaa chepesi, hukisikii usoni. Mama anadai ni kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Kaona nusu ya mti. Nashukuru hakuomba nusu nyingine.

Jumatano, 6 Mei
Lenzi kubwa. Msitu mzima! Ila ni nzito, na zinataka nafasi. Boksi la miwani limechomoza kama mdomo wa bata. Pua ya mama imepondeka. Shemeji, fundi cherehani, kauliza kwa nini mzigo wote uko upande mmoja. Nikamwambia ashone suruali.

Alhamisi, 7 Mei
Wazo langu jipya: betri kisogoni, mbele na nyuma visawazike. Nimezunguka nayo stoo asubuhi nzima. Raha tupu! Shemeji kashona mkanda bila kudai chochote, akiniita Profesa Kisogo. Roho nzuri, mdomo mbaya. Namshukuru nusu.

Ijumaa, 8 Mei
Nikamvisha. Kisha mama, taratibu kabisa: "Mwanangu, hii uliipima kwa mtu aliyesimama?"
Kumbe aliyelala hulalia kisogo. Na betri hupata moto.

Jumamosi, 9 Mei
Betri chini ya kitanda, kwa waya. Sasa umeme unafika hafifu na msitu unachelewa: mama anageuza kichwa, miti inafuata baadaye, tumbo linamchafuka. Nikapunguza ukali wa picha ili iende mbio. Inakwenda. Majani yamekuwa uji wa kijani. Shemeji akajikwaa kwenye waya, akaanguka, tukalaumiana juu ya kitanda cha mgonjwa. Stoo kwaheri.

Jumapili, 10 Mei
Mke wangu kaja kutoa hukumu. Mama akaomba mto, akaketi mwenyewe.
"Mwachie stoo yake," akasema. "Wiki nzima nimewacheka hawa wawili mpaka nyonga imesahau kuuma. Televisheni ya nini?"
Nashukuru sana, mama. Miwani imefanya kazi! Kasoro iliyobaki nimeijua: shingo za watu ni dhaifu. Kesho naanza kifaa cha kuimarisha shingo. Kitakuwa na uzito kidogo.