Kikombe cha Baba Hakimaliziki

Jumatatu, 3 Machi

Baba ameacha tena kikombe kimejaa. Siku ya ishirini na moja hii tangu tumzike Mama. Alionja, akakunja uso, akasema chungu, akageukia dirishani. Kahawa ileile, duka lilelile, sufuria ileile ya Mama. Basi kosa ni la mpishi, yaani mimi.

Dada amepiga simu mchana. Jumapili anakuja kumchukua Baba akaishi kwake, eti kwangu anakonda. Kwake! Pamoja na Shemeji, muuza bima anayecheka kabla hujamaliza kusema. Haiwezekani. Baba akiondoka, nyumba hii tutabaki mimi na cherehani. Nina siku sita. Akimaliza kikombe kimoja tu, habanduki hapa. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Machi

Chumvi. Mpishi wa meli mstaafu alikuja kupunguziwa suruali, nikamchimba. Amezunguka bandari nyingi, anasema kila watu wana namna yao ya kuipunguza kahawa makali. Wapo wanaotia chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Nikafikiri: kama punje chache zinasaidia, kijiko kitasaidia zaidi. Hesabu nyepesi kabisa.

Baba alionja, akauliza kwa upole kama nimelilia humo ndani. Nikakana. Ukweli nililia kidogo, lakini karibu na dirisha, mbali na sufuria.

Jumatano, 5 Machi

Kaa la moto! Mpishi wa meli anasema mahali fulani hulidumbukiza kikombeni, linatuliza ukali. Pasi yangu ni ya makaa, kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Kikombe kililia chwaa, kikatoa moshi, tone likaruka hadi kwenye gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Doa la kifuani, upande wa kushoto. Nimelishonea ua juu. Nimeshona na la kulia ili yalingane.

Baba akauliza kama sasa nataka kumpiga pasi tumbo. Alikaribia kucheka. Akapapasa kiti cha pembeni yake, akaniambia nikae. Nikamwomba anisubiri niandike vipimo kwanza nisivisahau. Kurudi, amesinzia. Kikombe kimejaa.

Alhamisi, 6 Machi

Yai, na ganda lake. Mpishi wa meli aliapa. Unaliponda zima, unalifinyanga na unga wa kahawa mpaka liwe tope, unatia kwenye maji yanayochemka. Mwisho unamwagia maji baridi kidogo. Unga unashikamana na yai, unazama wote. Nilicheka nilipoanza. Kisha nikaonja. Laini! Angavu! Uchungu hamna hata wa dawa. Nilirukaruka peke yangu jikoni, mtu mzima na mvi zangu.

Nikampelekea Baba, nikarudi mbio kusugua sufuria kabla yai halijagandia. Aliniita mara mbili. Nikaitika nakuja. Nilipomaliza alikuwa ameingia kulala. Lakini kikombe kimepungua nusu kidole! Maendeleo. Kilichobaki nimekinywa mwenyewe, nimesimama.

Ijumaa, 7 Machi

Njia ya mwisho, na ndiyo bora: bila moto kabisa. Unaloweka unga kwenye maji baridi tangu asubuhi hadi jioni, kisha unachuja kwa kitambaa. Kiwe cha pamba, kilichofuliwa mara nyingi mpaka wanga wote umetoka. Mimi ni fundi, kwenye vitambaa hunidanganyi. Vyangu vya kazini vyote ni vipya, vinanuka duka. Nikapekua nyumba. Chini ya mto wa Baba nikapata kimoja cheupe, laini ajabu. Kilinukia mafuta ya nywele, kwa hiyo nikakichemsha kwanza. Nimeshona mfuko safi, mshono maradufu. Dada akija Jumapili atarudi na gari tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Jioni Baba aliingia jikoni. Akauona mfuko umening'inia juu ya bakuli, unadondosha kahawa. Akausogelea, akaushika. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha Mama, alichokivua siku tuliyompeleka hospitali. Baba hakutaka kifuliwe. Alikuwa analala nacho kwa ajili ya harufu ile. Na mimi, mwanawe, fundi nguo, sikukitambua.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikiosha bombani kwa sabuni, mara tatu. Rangi haikutoka. Kisha akakaa kwenye kigoda, mikono imelowa, akasema, "Ya mama yako ilikuwa chungu kuliko yako. Chungu hasa. Ila yeye alikuwa anakaa, tunakunywa wote."

Miaka arobaini akiinywa hivyo! Nikamuuliza Mama alikuwa anatia vijiko vingapi. Baba akainuka, akaenda kukianika kitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Wameondoka naye. Shemeji alibeba sanduku, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Dada alinikumbatia, akasema hanilaumu, jambo ambalo watu husema wanapokulaumu. Baba amekaa kiti cha mbele, kile kitambaa kimekunjwa mapajani, rangi ya udongo. Akaniambia kupitia dirishani nisikawie kwenda kumwona. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimeshona pindo moja mara mbili bila uzi.

Jumanne, 11 Machi

Dada amepiga simu. Baba amekunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu. Kahawa ya kopo! Ya kukoroga! Tena aliyeikoroga ni Shemeji, ambaye hata chai humshinda. Wawili hao wamekaa kibarazani asubuhi nzima, Shemeji anasimulia habari za bima, Baba ananywa. Nimeumia sana, sifichi. Nilizima cherehani nikawaza saa nzima nilipokosea.

Kisha nikaona. Nikajishangaa nilivyokuwa kipofu. Ni maji! Kwao wanachota kisimani, yetu ya bomba yana dawa. Kesho asubuhi naenda na dumu la lita ishirini. Dada anasema Baba amefurahi kusikia nakuja, ameshaniwekea kiti. Nimemwambia amwambie asijisumbue. Nitachota palepale nje nigeuze, maana nikianza kukaakaa, sitapata muda wa kumtengenezea Baba kahawa.