Mikono Themanini ya Mashati

Jumatatu, 6 Januari

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Karakana imejaa vitambaa vya sare mpaka mlangoni. Wiki iliyopita nilimfokea mteja. Mama, mwenye karakana, amesema nikifoka tena mkasi atapewa dada mpiga pasi, ambaye hata akiungua kidole hupumua tu. Mke wangu amenifundisha: hasira ikipanda, shusha mabega, vuta pumzi polepole, sema unachohisi. Kazi ndefu, nimemwambia mpiga pasi. Mimi nina njia ya mkato: pamba masikioni.

Jumanne, 7 Januari

Pamba inafanya kazi. Nimetulia kama maji ya mtungini. Mwalimu mwenye oda ya mashati arobaini ameongea weee, mimi naitikia kwa kichwa. Mama amenisifu mbele ya watu. Mpiga pasi ameyatazama masikio yangu, akatikisa kichwa. Wivu huo. Kufikia jioni nimekata yote, mikono mifupi.

Jumatano, 8 Januari

Alisema mirefu.

Mwalimu amekuja kukagua, akaona, akapandisha sauti mpaka nikatoa pamba. Hasira ikanipanda. Nilitaka kumwambia hajui kutamka. Mpiga pasi akapita nyuma yangu, akaninong'oneza, "Mabega, kaka."

Nikayashusha. Nikavuta pumzi mara tatu. Sauti ikatoka inatetemeka: "Mwalimu, kosa ni langu. Sikukusikiliza. Naogopa kupoteza kazi."

Akaketi juu ya robota la vitambaa. Akasema naye anaogopa; mkuu wa shule hampi nafasi, siku ya tatu chakula hakishuki. Tukatazamana kama wagonjwa wa wodi moja. Ametupa mpaka Jumamosi.

Jumamosi, 11 Januari

Mikono themanini mipya imeshonwa. Mpiga pasi amenisaidia siku zote hizi bila kunisimanga hata kidogo. Inaudhi, ila chai yake nzuri. Mwalimu amechukua mzigo anacheka. Mkasi umebaki kwangu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 12 Januari

Nimetafakari. Kilichoniokoa ni ule mtetemo wa sauti. Asubuhi nzima nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo. Sasa ninayo mitetemo mitatu: wa wateja, wa Mama na wa nyumbani. Nimeujaribu wa nyumbani mke wangu aliponiomba nioshe vyombo. Nikatetemeka vizuri kabisa, nikasema nahisi uchovu mzito. Akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akanipa sabuni.

Huo unahitaji marekebisho kidogo. Wa Mama uko tayari. Kesho saa mbili naomba likizo.