Vita vya Kuuzamisha Mpini wa Mkakao

Enyi watu wa Bondeni, nanyi wa Ipyana hadi Makwale, tegeni masikio! Naapa kwa mvi zangu, na kwa kiinua mgongo nilichokwisha kukila, kwamba haya ni kweli tupu.

Katika zama za ruksa, maduka yalipofurika hata vitu tusivyojua matumizi yake, kisu cha kuparia samaki cha mke wangu Prisca kilivunjika mpini. Nikatwaa kipande cha mkakao mkuukuu, kilichotiwa na ukungu michoro ya kifalme, lakini laini kama mkate.

"Mzee Angetile, hiyo kuni," akacheka Abdulwahab, sultani wa duka la rangi, nilipokwenda kwake kununua vanishi.

"Ewe Abdulwahab! Nitaifanya ngumu hata izame majini kama jiwe, kwa mkono wangu huu, pasipo msaada wa kiumbe!"

"Ikizama, Jumapili napara samaki hapa kibarazani, wateja wakiniona. Isipozama, au ukisaidiwa, unapara wewe."

Mwanamume kupara samaki hadharani! Heshima ya ukoo ikawa rehani.

Basi mimi, mbabe wa pampu, nikakikausha kipande juu ya moshi wa jiko hata tone la mwisho la maji likakikimbia. Nikakitia katika chupa ya vanishi, nikakikandamiza kwa jiwe kisielee, nikapitisha mrija wa mpira kwenye kifuniko na kuziba kwa nta. Nikaigeuza ngozi ya ndani ya pampu ya baiskeli, ili badala ya kupuliza ivute, nikaiunga na mpira huo. Nikavuta! Hewa iliyojificha ndani ya mti ikatoka kwa mapovu, jeshi baada ya jeshi, ikisalimu amri. Nikavuta hata jua likapinduka. Povu lilipokoma nikafungua mpira. Hewa ya nje ikaingia kwa kishindo, ikaisukuma vanishi hadi kwenye uboho wa mti.

Kilipokauka, nikakitosa katika beseni pale dukani. Kikazama! Bondeni yote ikatetemeka. Abdulwahab akavua kofia.

Prisca akapita na kapu lake, akaniita kwa jina la mwanetu. "Ehe, kimezama? Ndaga fijo, asante sana, Baba Anyisile. Sasa nikande mabega."

"Mabega yana nini, mama?" akauliza Abdulwahab.

"Si mimi niliyevuta hiyo pampu? Huyu alivuta kidogo, akaomba maji, akalala mkekani, mdomo wazi."

Abdulwahab akairudisha kofia kichwani, taratibu.

Jumapili nikaketi kibarazani kwake, samaki mbasa mapajani, kisu chenye mpini wa kifalme mkononi. Magamba yalinirukia hadi kwenye nyusi, na watazamaji walikuwa wengi kuliko siku ya kugawa sukari. Lakini historia na iandike: mpini haukuteleza hata mara moja.